Nyumba Namba Kumi na Nne

9 Februari

Shikamoo Shangazi,

Huku wote wazima. Mkwe wako amehamishiwa kazi wodi ya wazazi na anasema afadhali, maana huko anaingia mtu mmoja na wanatoka wawili. Mjukuu wako ameanza kidato cha kwanza. Sare aliyoshona Mama Cherehani imefika, mpe asante zetu, ila umwambie mkono mmoja umezidi mwenzake kwa sentimita mbili na nusu. Nimepima.

Sasa nije kwenye langu, najua umeshaanza kusema huyu ana jambo.

Ofisi imenipa kazi ya kutathmini majengo ya mkoa mzima: likija tetemeko, yapi yatasimama na yapi yatalala. Hatuwezi kuingia kila nyumba, kwa hiyo tunazigawa kwa aina. Za miti na udongo, za tofali mbichi, za tofali za kuchoma, za bloku, za zege. Kila aina naipa daraja. Ili nijue zitakazoanguka kesho, sharti nijue zilizoanguka jana, na jana yetu ni ile asubuhi ya miaka thelathini na minane iliyopita, mimi nikiwa na miaka mitatu.

Nimekipata kitabu cha karani wa wilaya aliyepita mtaani kwetu wiki mbili baadaye. Nyumba thelathini na sita, kila moja na mstari wake: kuta, paa, hali, waliofariki. Tano za tofali za kuchoma. Thelathini na moja za miti na udongo, bati juu. Katika hizo, ishirini na sita zilisimama. Tano zilisambaratika kabisa, na ndizo pekee zilizoua watu. Namba nne, tisa, kumi na nne, ishirini, ishirini na saba.

Hapo ndipo ninapokwama. Ni mtaa mmoja, udongo mmoja, mafundi walewale. Kwa nini tano zife kifo cha peke yake?

Najua kumi na nne ni yetu, na najua nani walikuwa ndani. Nisingekuuliza kama angekuwepo mwingine. Baba ametutoka, na wewe ndiye mtu mzima pekee niliyebaki naye anayekumbuka. Simu haikufai kwa masikio yako, basi niandikie. Nyumba kwa nyumba, polepole.

Mwanao


2 Machi

Kwako Bwana Vipimo,

Marahaba mwanangu. Barua yako imetembea siku kumi na moja, bila shaka ilikuja kwa miguu. Mimi mzima, ukiacha nyonga inayonikumbusha kila asubuhi kwamba nina miaka sitini na mitano. Mama Cherehani nimemsomea malalamiko yako. Anasema mkono wa sare hauna kosa, mtoto ndiye mwenye mkono mfupi, na kama una shaka umlete aje apimwe hapa.

Umeniuliza nyumba kwa nyumba. Nilifundisha watoto kuhesabu kabla sijawa kiziwi na kupelekwa maktaba, kwa hiyo nitahesabu.

Namba moja, ya muuza mafuta ya taa. Udongo wote ulimwagika, fito zikabaki wazi kama mbavu za punda, lakini paa halikushuka. Mbili na tatu hivyo hivyo. Tano ilipoteza mlango. Sita na saba ziliegemeana na mpaka leo zimeegemeana. Nyumba hizi zilicheza, mwanangu. Zilikwenda huku zikarudi huku, mtu aliye ndani anapigwa na madongo anatoka na vumbi kichwani.

Kumi na tano ndiyo ya Mama Cherehani. Alikuwa bibi harusi wa mwezi mmoja. Iliinama kama mlevi, mumewe akatoka dirishani na godoro begani. Kesho yake wanaume wanne waliisukuma kwa bega na kuivuta kwa kamba, ikasimama, wakapigilia miti miwili ya kuiegemeza. Ndiyo hiyo anayoishi.

Thelathini, ya tofali za kuchoma, ilipasuka kona kutoka juu hadi chini, unaona mtaa wa pili. Zilizobaki za tofali nyufa ndogondogo.

Nyingine nimeziorodhesha nyuma ya karatasi. Hayo ndiyo ninayoyakumbuka. Mkono umechoka. Mtoto avae sweta, huko kwenu baridi inaingia bila hodi.

Shangazi yako


20 Machi

Shikamoo Shangazi,

Asante kwa barua. Nimeisomea ofisini, na wenzangu wameniomba niwape anwani yako wakuajiri. Habari ya kumi na tano kuinama na kusukumwa tena nimeiandika neno kwa neno. Mkwe wako ametuma dawa ya kuchua, ipake jioni, si kila unapokumbuka.

Lakini umehesabu thelathini na moja. Umeruka tano, na hizo tano ndizo nilizouliza.

Sitaki kukuumiza. Nimekua nikijua kwamba mama na bibi walifukiwa na nyumba ya udongo, na labda ndiyo maana nikasomea hii kazi. Ila kuna jambo nililiona tangu utotoni nikalipita tu. Baba alipojenga upya pale pale, alijenga kwa miti, fito na bati. Mtu aliyepoteza mke na mama chini ya udongo, kwa nini arudie udongo? Nilimuuliza mara moja nikiwa kidato cha pili. Aliwasha redio.

Nisaidie, Shangazi. Hata mistari miwili. Zile tano zilikuwa na nini ambacho nyingine hazikuwa nacho?

Mwanao


11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Dawa imefika, inanuka kama gereji lakini inasaidia. Mvua huku zimekuja kwa fujo, mfereji wa bati umeng'oka na nimemwita seremala mara tatu. Kila mara anasema yuko njiani, nadhani amejenga huko njiani. Wamefungua barabara mpya nyuma ya shule na wanajenga safu za nyumba, malori yanapita kutwa. Miye siyasikii ila chai inatikisika kikombeni.

Mjukuu wangu asome hesabu kabla ya kulala. Mwambie nimesema.

Kuhusu yale mengine, kitabu cha karani kipo. Alikuwa mtu makini, na mimi ni mzee. Fuata kitabu.

Shangazi yako


6 Mei

Shikamoo Shangazi,

Sote wazima, ila kazi imenibana na hii itakuwa fupi.

Nimefuata kitabu. Jedwali la aina za nyumba limekwenda kwa wakubwa wiki iliyopita. Nilitaka mistari kumi na miwili, nitenganishe kuta na paa, mkurugenzi akataka mitatu inayosomeka haraka: udongo, tofali, zege. Udongo umepata daraja la mwisho. Zege limepata la kwanza, maana kwenye vitabu vyote vya mkoa majengo ya zege yaliyoandikwa ni benki, posta na hospitali, na yote yalisimama.

Kuna mpango utafuata. Nitakueleza ukikamilika.

Mwanao


3 Juni

Mwanangu,

Leo sina salamu ndefu. Mimi mzima.

Jana walikuja vijana wanne wa ofisi yenu na ndoo ya rangi nyekundu. Wamepaka msalaba kwenye kila mlango wa nyumba ya udongo, kutoka juu ya mtaa mpaka chini. Wangu pia. Nikampa kiongozi wao daftari langu aniandikie anachosema. Akaandika: "Mama, nyumba hizi ni hatari. Mtahamia zile mpya nyuma ya shule. Zina paa la zege." Nikamuuliza nani amesema ni hatari. Akanionyesha karatasi. Chini kuna saini yako. Mimi ndiye niliyekushika mkono ukijifunza kuandika, saini yako naijua.

Mama Cherehani amejiandikisha kundi la kwanza. Alikuja mbio kuniambia, anacheka mpaka anashika ukuta, kwamba hatakinga tena mvua na masufuria. Akanikokota twende tukazione. Ni safu mbili, kumi na moja kila upande. Bloku zenyewe nimezikwangua na ufunguo, zinamwagika kama sukari. Kwenye kona sikuona nguzo. Juu ya madirisha sikuona lenta ya kufunga kuta. Na juu ya hivyo vyote zege, nene kama mto wa kulalia. Yeye aliingia akawa anapima dirisha kwa mapazia. Mimi nilibaki nje ya kizingiti.

Basi soma, na ukae chini unaposoma.

Namba kumi na nne haikuwa ya miti na udongo. Kuta zilikuwa tofali mbichi alizofyatua babu yako, na paa lake lilikuwa zege. Nililitaka mimi.

Nilikuwa nimechumbiwa na mkaguzi wa shule. Ndugu zake walipokuja mara ya kwanza ilinyesha, bati letu la kutu likavuja, mama yake akatazama juu akasogeza kiti. Mimi nililia wiki nzima. Nikamwambia baba yako kwamba hawatarudi nyumba hii ikiwa hivi ilivyo. Akaniambia, "Dada, kuta hizi zimezoea kubeba bati." Fundi naye akasema bila nguzo na lenta yeye hawajibiki. Nikamwambia, "Wewe ni fundi wa zege au fundi wa maneno?" Fundi alicheka. Baba yako hakucheka, lakini alikuwa hajui kunikatalia. Zege likamwagwa. Lilipendeza. Majirani wanne wakamwita fundi huyohuyo: namba nne, tisa, ishirini, ishirini na saba.

Miezi tisa baadaye, saa nne asubuhi, nilikuwa uani naanika nguo. Wewe ulikuwa umeketi ndani ya beseni tupu unajifanya dereva. Mama yako alikuwa sebuleni anamsuka bibi yako. Ardhi ilipotikisika kuta zilitoka chini kama mtu aliyepigwa ngwala, na zege likashuka zima. Halikuvunjika, mwanangu. Lilifika chini likiwa zima. Kipande cha ukuta kilinipiga nyuma ya sikio. Sauti ya mwisho niliyoisikia duniani ni wifi yangu akiita jina langu.

Ilichukua siku mbili kulivunja kwa nyundo na kuwatoa. Vifusi tukatupa shimoni. Karani alipokuja hapakuwa na kitu cha kuona. Watu walikuwa wameanza kusema kwamba waliomwaga zege bila kibali watashtakiwa kwa vifo. Baba yako alikuwa ameketi juu ya jiwe, hakuwa anajibu mtu. Karani alipoona sisikii akanipa kitabu chenyewe na kalamu, kwa kuwa nilikuwa mwalimu. Niliandika: miti na udongo, bati. Kisha wale wanne wakaja kuniuliza waseme nini, nikawaandikia na wao.

Baba yako alisoma juu ya bega langu. Tangu siku hiyo hatukulizungumza, si kwa mdomo si kwa kalamu. Mkaguzi hakurudi na sikumlaumu.

Nyumba za udongo hazikuua mtu mtaani kwetu. Badilisha jedwali lako.

Shangazi yako


30 Julai

Shangazi,

Barua yako ilinifikia tarehe nane ya mwezi huu. Nimekaa nayo wiki tatu. Mkwe wako na mtoto wanakusalimu. Sijawaambia kitu.

Nilikwenda masijala nikakifungua tena kile kitabu. Mwandiko wa karani umelala kushoto. Mistari mitano imesimama wima, herufi za ubaoni, zilezile ulizonifundishia kusoma. Nimekipitia kitabu hicho zaidi ya mara ishirini na sikuziona. Au niliziona nikasogea mbele.

Sitakutwika kila kitu. Darasani nilifundishwa wazi kwamba uzito juu ya ukuta dhaifu ni kaburi linalongoja. Sikuhitaji kitabu cha karani kunifundisha hilo. Nilikubali zege liwekwe kwenye mstari mmoja kama ni kitu kimoja, la benki na la mtaani, kwa sababu mkurugenzi alikuwa na haraka, na kwa sababu tangu utotoni nilikuwa na hasira na udongo. Kichwa kilisita, mkono ukasaini.

Nimeandika rasmi kwamba jedwali ni batili. Ubomoaji umesimamishwa. Zilikuwa zimekwisha kubomolewa nyumba kumi na tisa mtaani kwetu. Yako haimo. Nikaomba pia zege livuliwe kwenye zile safu mbili, liwekwe bati, na kuta zifungwe kwa nondo. Mkurugenzi akaniuliza, "Tuwavue watu paa tulilowavika juzi mbele ya kamera?" Nikasema ndiyo. Kesho yake nikapewa barua ya kusimamishwa kazi hadi uchunguzi ukamilike.

Kuna jambo moja nataka unijibu. Barua yako imeandikwa tarehe tatu Juni. Muhuri wa posta ni wa tarehe ishirini na saba. Kwa kumbukumbu zetu, namba kumi na tano ilibomolewa tarehe kumi na nane.

Kuhusu mama sina la kuandika kwa sasa.

Ni mimi


12 Agosti

Mwanangu,

Umeuliza, nitajibu.

Niliiweka chini ya godoro. Kila asubuhi niliitoa, nikavaa viatu, nikafika nayo mlangoni. Nilikuwa nakuona ukiisoma. Nilikuwa nakuona unapofika mahali pa beseni. Nikavua viatu.

Tarehe kumi na nane nilisimama dirishani nikaona kumi na tano ikifungwa kamba na trekta. Haikutaka kuanguka. Walivuta mara tatu, inainama, inarudi. Ya nne ikaenda. Mama Cherehani alikuwa amesimama kando na masanduku yake anapiga makofi. Aliponiona dirishani akanipungia, nami nikampungia.

Siku tisa baada ya hapo nilikwenda posta. Sijui kwa nini siku hiyo na si nyingine. Kama ningekuwa na sababu nzuri ningekuandikia.

Sijamwambia bado. Kila Jumamosi ananialika kwake chai, na mimi nasema nyonga.

Wewe ndiye mtu pekee niliyekuwa naye. Sikutaka kukupoteza. Ndiyo hayo tu, na najua hayatoshi.

Shangazi


25 Oktoba

Mwanangu,

Ujumbe wako ulioupitisha kwa simu ya mwalimu mkuu nimeupata. "Mzima? Jibu." Mimi mzima. Barua yangu ya Agosti hukuijibu na sikulaumu. Hii nakuandikia kwa sababu nadhani hakuna mwingine atakayekuandikia kama ilivyokuwa.

Lilikuja tarehe kumi na tisa, saa tisa na dakika kumi mchana. Nilikuwa jikoni. Halikuwa kubwa kama lile la kwanza. Udongo ulinimwagikia mabegani, vyombo vikaanguka, nikashika nguzo ya katikati na kuhisi fito zinapinda na kurudi mkononi mwangu. Lilipotulia nilitoka nje nikitembea. Mtaani kwetu hakuna aliyeumia, ila muuza maji aliyeanguka na baiskeli kwa woga.

Nikaona watu wanakimbilia upande wa shule.

Katika zile ishirini na mbili, sita zimeshuka, zote safu ya kulia. Bloku zimegeuka mchanga na mazege yamelala moja baada ya jingine. Wamefariki watatu: mke wa dereva wa lori na mwanawe mchanga, na mzee aliyekuwa namba kumi na moja mtaani kwetu, yule wa vitendawili. Kama lingekuja watoto wakiwa wametoka shule, idadi ingekuwa nyingine. Mafundi wa gereji walileta jeki za malori wakainua zege kidogo kidogo. Nilishika kona ya shuka la kubebea waliotolewa, pamoja na watu wengine. Sikuondoka.

Mama Cherehani alitolewa saa kumi na mbili jioni. Alikuwa kwenye mashine yake anashona, meza ya chuma ikazuia zege lisifike kifuani. Miguu yote miwili ilibaki upande wa pili. Hospitali wameikata juu ya magoti.

Siku ya nne waliniruhusu kumwona. Nikaketi kwenye kiti, nikamwambia yote, kwa sauti yangu ambayo siijui tena ikoje. Mgonjwa wa kitanda cha pili alinigeukia, nikajua napiga kelele, nikaendelea. Nilimwambia habari ya zege la namba kumi na nne, nikamwambia nilichoandika kitabuni, na barua iliyokuwa chini ya godoro siku aliyokuwa anafunga masanduku.

Alinyoosha mkono akitaka daftari. Akaandika: "Ulijua siku tuliyokwenda kupima mapazia?"

Nikasema ndiyo.

Akafunga macho muda mrefu. Nikadhani amelala, nikanyanyuka. Akanivuta nguo, akaandika tena. Nilitegemea matusi, na ningeyapokea. Aliandika: "Cherehani yangu ni ya miguu."

Basi hayo tu. Akageukia ukutani.

Ninakwenda kila siku. Hanifukuzi, haniandikii. Naketi kwenye kile kiti mpaka muda wa wageni uishe.

Shangazi


2 Novemba

Shangazi,

Shikamoo.

Mkwe wako amepiga simu hospitali ya huko, wauguzi wanajuana. Anasema kidonda kimoja kinaenda vizuri na kingine kinawatia wasiwasi. Mtoto ameuliza kwa nini sisemi mezani. Nimemwambia, na nimemwambia yote. Akaniuliza kama bibi yake anakaa peke yake.

Ofisi imenirudisha, si kwa heshima. Hawana mwingine anayeijua orodha. Mkurugenzi hakunitazama usoni, alinisogezea funguo za gari juu ya meza.

Zile kumi na sita zilizobaki zimesimama, na kusimama kwake ndiko kunakonitisha. Kuta zimeshapasuka ndani kwa ndani, na mitikisiko midogo hufuata kwa wiki nyingi. Nimesikia watu wamerudi kulala humo kwa sababu ya mvua. Barua hii anakuletea dereva wetu kwa mkono, usingoje kuisoma mara ya pili. Nenda shule, mwombe mwalimu mkuu afungue madarasa ya mbao, mkatoe watu wote leo. Wakikuuliza ni amri ya nani, waonyeshe hii. Wakisema hawakuamini, waambie ulichomwambia Mama Cherehani. Najua ninakuomba nini.

Nitafika Alhamisi na mafundi wawili. Nitalala nyumba ya wageni karibu na stendi. Bado sijaweza kuingia ndani kwako, na sijui lini nitaweza. Usipike.

Lakini saa saba mchana nitapita. Usitangulie hospitali. Saini chini ya ile karatasi ni yangu, na Mama Cherehani bado hajasikia hilo kutoka kwangu. Nisubiri mlangoni, twende wote.

Mwanao